"Umejuaje?" Swali la kumuuliza mtoto wa chekechea kila siku

Kila mwezi wa kwanza hapa Moshi ni hivi hivi, wazazi wanahangaika na watoto wa miaka mitatu minne kutafuta shule, na swali la kwanza ninaloulizwa mimi kama mwalimu wa chekechea ni "madam, mpaka mwezi wa sita atakuwa anajua kusoma?" Hakuna anayeniuliza kama mtoto atakuwa anajua kufikiri. Na siwalaumu kabisa, maana kuna shule za ingilishi midiamu zinamfanyia mtoto wa miaka mitano intavyuu ya kuandika, sasa mzazi afanyeje, anaanza kumkazania a e i o u toka mtoto bado anavaa pampasi. Ila mimi naumia. Mtoto anaimba herufi zote bila kukosea, namba mpaka mia, alafu ukimuuliza "umejuaje kwamba hizi ni nyingi kuliko zile?" anakaa kimya anaangalia chini. Huyo kuna kitu tumemnyima na ni kikubwa kuliko herufi.

Nikisema kufikiri kwa uchambuzi usiwaze hesabu ngumu. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita ni kuona vitu viwili vinafanana wapi na vinaachana wapi, kuvipanga kwenye makundi, kukisia kitakachotokea alafu kuangalia kama kweli kimetokea, kutafuta nini kimesababisha nini, na kuweza kutoa sababu yake kwa mdomo wake mwenyewe. Vyote hivyo vinafanyika jikoni Pasua, kihambani Kibosho (kihamba ni shamba letu la migomba la nyumbani) au kwenye korido ya nyumba ya kupanga Majengo bila kununua chochote.

Tuanze na maharage. Umetoka sokoni Mbuyuni na maharage yako mchanganyiko, unakaa na ungo unachambua, mtoto akisogea tu anaambiwa toka huko utamwaga. Mwambie akae. Mpe ya kwake kwenye sahani, ya njano, mekundu, yenye madoa, makubwa na madogo, mwambie "weka yanayofanana pamoja" alafu unyamaze, usimwambie apange kwa rangi wala kwa ukubwa, mwache achague mwenyewe. Wengi wataenda na rangi. Akimaliza muulize umepangaje, akuelezee. Baada ya hapo ndio unakuja mtihani wenyewe: "haya sasa tupange kivingine, makubwa huku, madogo huku." Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi ataanza vizuri alafu utaona anarudi kwenye rangi, njano na njano, nyekundu na nyekundu, unamwambia tena makubwa huku, anaitikia ndio, anaweka kwa rangi.

Huyo sio mbishi na wala sio mzito. Kuna mtafiti anaitwa Philip Zelazo alikuwa anawapa watoto kadi zenye picha, wazipange kwanza kwa rangi, alafu anabadilisha sheria wapange kwa umbo. Watoto wengi wa miaka mitatu waliendelea na rangi hata baada ya kuambiwa sheria mpya, na cha kushangaza ukiwauliza sheria mpya inasemaje wanaitaja vizuri kabisa, mkono ndio unaenda kwenye ile ya zamani. Wakifika miaka minne kwenda mitano wengi wanaweza kubadilika. Yani kichwa kinachojifunza kuachia wazo la kwanza na kushika la pili kinahitaji muda, na ndio maana nawaambia wazazi ukiona mwanao kakwama kwenye rangi usimfokee, mwambie aseme sheria kwa sauti kabla ya kuweka kila punje, "hii ni kubwa, inaenda huku," wiki zinavyoenda utaona anaanza kukaa sawa mwenyewe.

Kwa wakubwa kidogo mimi natumia ndizi, maana sisi huku tumebarikiwa ndizi kila aina. Mshare, mzuzu, ndizi ng'ombe, kisukari, unaziweka mezani unauliza ipi ya kupika na ipi ya kula ikiiva, na umejuaje. Kuna mtoto aliniambia mshare haiwezi kuliwa mbivu kwa sababu bibi yake hajawahi kumpa ikiwa mbivu. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia, maana hiyo ni sababu ya kweli, ameangalia maisha yake akatoa jibu. Mwenzake akadakia "kwetu zikiiva tunakula!" Basi wote wawili wakaangaliana, darasa zima likaanza kubishana kwetu hivi kwetu vile, na mimi sikusema nani mkweli, nikawaambia wakaulize nyumbani kesho waje na majibu. Kesho yake walikuja na majibu ya kila aina na tukakubaliana kwamba kitu nilichokiona kwetu hakitoshi kusema ndivyo kilivyo kila mahali. Kuna watu wazima hawajafika hapo.

Sasa nije kwenye uji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mimi binafsi nimejifunza sana kuhusu namna tunavyowauliza watoto maswali. Umewahi kuona watoto wawili wanalia kwa sababu mmoja kawekewa uji kwenye kikombe kirefu chembamba na mwingine kwenye bakuli pana? Uji ni ule ule, wa kikombe anajiona kapata mwingi. Mswisi mmoja, Jean Piaget, mtafiti wa namna watoto wanavyofikiri, ndiye aliyelifanyia hilo kazi kubwa, akimimina maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba mbele ya mtoto na kumuuliza kama bado yanalingana, na watoto wa chini ya miaka sita saba wengi wanasema yameongezeka kwa sababu yamepanda juu. Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba ukimpa mtoto nafasi ya kumimina mwenyewe, kutoka kikombe kwenda bakuli na kurudisha kikombeni, mara nyingi nyingi, anaanza kuona. Kwahiyo wakati wa kuoga mpe vikombe na chupa zilizokatwa amimine hadi achoke, maji yenyewe ni ya kwenye beseni hayapotei.

Ila jambo la pili ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Uingereza, James McGarrigle na Margaret Donaldson, walichukua jaribio kama hilo la safu mbili za vitu vinavyolingana idadi, lakini badala ya mtu mzima kusogeza safu moja ionekane ndefu, walimleta mdoli mtukutu, dubu, akaja "akavuruga" safu kwa bahati mbaya. Alafu wakauliza swali lile lile. Watoto wa miaka minne hadi sita walijibu sahihi wengi zaidi kuliko pale mtu mzima aliposogeza mwenyewe. Vitu ni vile vile, swali ni lile lile. Wengi wanaelezea hivi: mtu mzima akikuuliza kitu, akagusa vitu makusudi, akauliza tena, mtoto anafikiri lazima kuna kitu kimebadilika au jibu langu la kwanza halikuwa zuri, anabadilisha ili kumridhisha mkubwa.

Fikiria huku kwetu sasa, ambako mtoto akiulizwa mara ya pili anajua tayari kakosea na fimbo iko karibu. "Una uhakika?" kwa mtoto wa Kitanzania maana yake ni badilisha jibu haraka. Ndio maana nasema na nitarudia, "umejuaje" iulizwe mtoto akipatia na akikosea, vyote, kwa sauti ile ile na uso ule ule. Ukimuuliza tu akikosea itageuka kuwa onyo, atakuwa akisikia "umejuaje" anafuta jibu. Akipatia pia muulize, umejuaje mama, umejuaje baba, na siku ya kwanza atasema "nimejua tu," siku nyingine atasema "nimeona," na baadae atakwambia sababu yenyewe. Darasani natumia vizibo vya soda na mdoli wa soksi, mdoli anakuja anavuruga vizibo, watoto wanamkaripia wenyewe, "hujaongeza bwana, umevisambaza tu!" Hawaogopi mdoli. Kumwambia mdoli kakosea ni rahisi kuliko kumwambia madam.

Kitu kingine kinachoendana na hicho ni kusubiri. Mmarekani mmoja Mary Budd Rowe, kwenye miaka ya 1970, alirekodi walimu wa sayansi shule za msingi akakuta kwamba baada ya kuuliza swali mwalimu anasubiri kama sekunde moja tu kabla hajarukia kwa mtoto mwingine au kujibu mwenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu yakawa marefu na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kuongea. Sekunde tatu ni ndogo lakini jaribu leo utaona zilivyo ndefu ukiwa umemkodolea mtoto macho. Usimkodolee, endelea kumenya vitunguu.

Kuhusu kukisia na kujaribu, chungwa linatosha. Jaza beseni maji, chukua chungwa na maganda yake, uliza litazama au litaelea, kila mtu aseme na aseme kwa nini, alafu liweke. Linaelea. Sasa limenye lote, uliza tena. Watoto karibu wote watasema sasa litaelea zaidi kwa sababu limekuwa jepesi, na hiyo ni akili nzuri kabisa, wala usiicheke. Unaliweka, linazama. Utaona uso wa mtoto unavyobadilika! Ganda lina vitundu vingi vidogo vya hewa vinavyolibeba, ukitoa ganda umetoa na hewa. Lakini usikimbilie kumwambia, mwache alishike, alikamue ganda, ajaribu na limao, ajaribu na kizibo cha soda kikiwa kimelala kama mtumbwi alafu akijaze maji kizame. Siku nzima anaweza kukaa hapo. Na usimwache peke yake na beseni la maji kama ni mdogo, hilo tu.

Tochi pia ni mwalimu mzuri. Ile ya betri mbili kubwa. Mpe mtoto wa miaka mitano tochi na betri tatu, mbili nzima, moja imekufa, zote zinafanana kwa nje, mwambie moja ni mbovu, itafute. Mwanzoni anabadilisha ovyo. Ukimwekea alama ya kalamu kwenye kila betri, nukta, msalaba, duara, anaanza kukumbuka ameshajaribu zipi, na akifikia pale anaposema "nukta na msalaba imewaka kwahiyo mbovu ni duara" bila hata kuijaribu hiyo duara, mzazi mwenzangu piga kelele, mwanao amefikiri kama fundi. Mtafiti Alison Gopnik na wenzake kule Marekani walitumia kasha linalowaka na kupiga muziki likiwekewa vipande fulani vya mbao na vingine haliwaki, na hata watoto wa miaka mitatu minne walikuwa wanatambua vipande vyenye "nguvu" ya kuliwasha. Kwahiyo uwezo upo, tunauchelewesha sisi. (Tumia betri kubwa, zile ndogo za duara kama kifungo cha shati zifichwe mbali, mtoto akimeza ni hatari sana.)

Alafu sisi wa Moshi tuna mlima. Asubuhi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi inaonekana nyeupe safi, ikifika mchana mawingu yameshafunika. Bandika kalenda ukutani, asubuhi mtoto aweke alama mlima unaonekana au hauonekani, mchana hivyo hivyo, baada ya mwezi mmoja kaeni mhesabu. Muulize kesho asubuhi unadhani itakuwaje na umejuaje. Atakuonyesha kalenda kwa kidole! Ukitaka kumpa na sababu mwambie jua likipasha joto miteremko hewa yenye unyevu inapanda juu, ikifika kwenye baridi inageuka mawingu. Asipoelewa yote haina shida, kalenda ameielewa.

Na kivuli. Kichoreni kwa chaki kwenye sementi, asubuhi saa mbili, saa sita na nusu mchana, na jioni saa kumi, mtoto asimame pale pale, na kila mara kabla ya kuchora aonyeshe kwa kidole kivuli kitakuwa wapi na urefu gani. Kuna kitu kinanifurahisha sana hapa kwetu, mwezi wa kumi na mbili kivuli cha saa sita kinaelekea upande wa mlima, yani kaskazini, na mwezi wa sita kinaupa mlima mgongo, kwa sababu jua limehamia upande wa kaskazini. Na kuna siku mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa kumi kivuli karibu kinapotea chini ya miguu. Mtoto aliyeanza kuchora mwezi wa sita akaendelea mpaka Krismasi ataligundua mwenyewe.

Vitendawili ndio hazina ambayo naona tunaiacha ife wakati tunatafuta michezo ya akili kwenye simu. Jioni umeme umekatika, unaanza: Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Atasema yai. Umejuaje? "Yai halina mlango, kifaranga anapasua ukuta." Haya mwingine akasema tikiti, umejuaje, "tikiti nalo halina mlango." Kweli! Usimwambie amekosa kwa sababu hajakosa, jibu lake linaingia. Ongeza dokezo: nyumba yangu haina mlango na kuna mtu anaishi ndani. Sasa tikiti limetoka, yai limebaki. Umemfundisha kwamba taarifa ikiongezeka majibu yanapungua, na hilo hata mpelelezi ndio kazi yake. Wakishazoea waambie watunge vyao. Kutunga ni kugumu zaidi maana lazima utafute sifa ambayo kitu chako kinayo na vingine havina, na vitendawili vya mwanzo vitakuwa kama "kitendawili, tega, ni nyeupe inatoka kwa ng'ombe," ni sawa tu, cheka naye, muulize nini kingine ni cheupe.

Mchezo unaofanana na huo ni kuficha kitu kwenye kikapu na mtoto aulize maswali ya ndio au hapana. Wataanza ni embe? ni kijiko? ni kalamu? Baada ya muda kuna mmoja atauliza "kinaliwa?" na hapo wenzake wote wataona kwamba swali moja zuri limefuta vitu vingi kwa mpigo.

Sasa kuna jambo lazima tuongee, la adabu. Bibi mmoja alinifuata shuleni, nikamwamkia, akaniambia mwalimu huyu mtoto mmemharibu, kila nikisema kitu ananiuliza kwa nini. Nilimwelewa. Sisi tumelelewa kwamba mtoto hahoji mkubwa. Lakini kuuliza na kukosa heshima ni vitu viwili, na mtoto anaweza kufundishwa vyote kwa pamoja. Darasani tunasema "naomba kuuliza," tunasubiri mkubwa amalize, tunaangalia kama mkubwa ana kazi, na mkubwa akisema tutaongea baadae basi inakuwa baadae kweli, sio kumpotezea. Nilimwomba yule bibi amjibu mjukuu wake hata swali moja kwa siku, lile analolijua yeye kuliko mimi, la kwa nini ng'ombe anakatiwa majani ya migomba au kwa nini maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yana zamu. Alinijibu kwamba hayo anayajua sana. Najua anayajua! Mabibi wa huku wana maelezo ya sababu na matokeo kuliko vitabu vyangu vyote, tatizo hakuna anayewauliza tena.

Lugha nayo. Mtoto afikiri kwa lugha aliyonayo. Kama nyumbani ni Kiswahili na Kichagga, umejuaje iwe ya Kiswahili au ya Kichagga. Nimeona watoto wanaoulizwa kwa Kiingereza wanakuwa na maneno matatu tu, yes, no na teacher, na ukiwageuzia Kiswahili wanamwaga sababu kama mvua ya mwezi wa nne. Kiingereza kitakuja, hakikimbii.

Simu na katuni sitasema sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na zikiwa dakika chache kuliko hiyo saa ni bora zaidi. Hadithi za sungura na fisi ni nzuri zaidi, ila simama katikati uliza "unadhani fisi atafanya nini," alafu malizia.

Na kwa wale wanaotafuta shule sasa hivi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 imeshaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwahiyo mtoto ataenda, swali ni anaenda kufanya nini. Ukifika shuleni usiombe kuona daftari tu. Omba kuona sehemu watoto wanapochezea, angalia kama kuna mchanga, maji, vizibo, vijiti, maboksi, na kama vimechakaa, maana vikiwa vipya vinang'aa ujue havishikwi. Kaa nyuma ya darasa dakika chache usikilize nani anaongea zaidi. Alafu mwombe mwalimu akutajie swali moja ambalo mtoto amemuuliza wiki hii na yeye alimjibu nini. Akikutajia papo hapo anacheka, mwandikishe mwanao hapo hapo, hata kama ukuta haujapigwa rangi.